Ini la Mzee wa Sabini

Tangu juzi nalala nimefunika uso. Nilipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, pale Kabazana wanapoandikisha wageni, nilijitaja mzee wa miaka sabini, maana wazee hawapangi foleni ya chakula. Mvi za kurithi zilinisaidia. Sasa homa imenilaza hospitali huku Mbarara, wakanipima damu. Daktari akaja na wanafunzi wake, macho yamemtoka.

"Ini likizeeka hutengeneza protini polepole. La mzee huyu linachapa kazi kama la kijana! Mzee, siri ni nini?"

Nami, mjinga, nikavimba kichwa. "Mboga ya sombe na maombi, daktari."

Wanafunzi wakaandika. Mara mama yangu akaingia na sahani ya ugali.

"Karibu, mama," daktari akamwambia. "Huyu mzee ni bwana wako?"

"Bwana? Mzee gani? Huyu ni mutoto wangu wa mwisho!"