Kituo chetu cha ndorobo Kibondo kilivyofungwa, na swali la Mzee Ntahondi

Wakuu, mwakeye, kama tulivyokuwa tukisalimiana asubuhi kule Kibondo. Mimi ni mstaafu, chumvi siongezi. Ilivyokuwa ndivyo nitakavyosema.

Miaka ya sabini mwanzoni niliajiriwa fundi wa maabara. Kwetu Lushoto, nikapangiwa Kibondo, kituo kidogo cha utafiti wa ndorobo, wale nzi wanaoambukiza malale.

Vyumba viwili, hadubini moja, friji ya mafuta ya taa. Basi.

Bosi wangu, Daktari Samweli, alikuwa anatafuta jambo moja tu: kwa nini kiangazi ndorobo wazalie bonde hili, la jirani wasiliguse?

Tulishinda tunachekecha udongo. (Ndorobo hatagi mayai, wakuu. Anazaa funza mmoja, na funza huyo hujifukia kwenye udongo wa kivulini.) Aliyetuongoza porini ni Mzee Ntahondi, mkulima wa pale. Mkewe, Mama Yustina, ndiye alikuwa anatupikia.

Mwaka wa pili akaja mkubwa wa wizara kukagua.

"Ndugu Daktari, mpaka leo mmeua ndorobo wangapi?"

"Hatuui, ndugu. Tunataka kujua wanachaguaje pa kuzalia."

"Mkishajua, iweje?"

"Hilo bado silijui."

Nilitamani adanganye. Aseme tu dawa iko njiani! Lakini Daktari hakuwa mtu wa hivyo.

Baada ya miezi michache fungu letu la fedha likakatwa. Barua ilisema zinatakiwa tafiti zenye matokeo ya haraka. Nchi ilikuwa na shida nyingi, sikatai.

Mafuta yakaisha, sampuli zikaoza. Daktari akapelekwa kufundisha sekondari mkoa mwingine. Mimi Kasulu, kupima damu hospitalini.

Halafu watu wakahamishiwa vijiji vipya. Kina Ntahondi wakapangwa ukingoni mwa bonde ambalo lilikuwa linafuata kwenye orodha yetu. Hatukuwahi kuchekecha hata ndoo moja ya udongo wake.

Siku moja mchana, pale hospitalini, namwona Mzee Ntahondi anamshusha mkewe kwenye lori. Mama Yustina anasinzia chakula kikiwa mdomoni. Nikamsalimia, hakunijua.

Damu yake niliipima mwenyewe. Vimelea vya malale vilikuwa vinacheza mbele ya macho yangu.

Alifariki baada ya siku tisa.

Mzee akanifuata maabara. "Mwanangu, lile bonde mlikuwa mnalijua?"

"Tulikuwa hatujalifikia, mzee."

"Sasa mbona mliondoka?"

Kisha mzee akaenda kutafuta gari la kurudisha mwili.

Sisemi tungemwokoa. Pengine tungechekecha tusikute kitu. Ila nilichojifunza, anayefuta swali la mtafiti kwa sababu leo halina faida, hajui amefuta nini, na hatakuwepo siku likihitajika jibu.

Daktari nilimwandikia habari za Mama Yustina. Hakujibu.

Kama kuna aliyeishi Kibondo enzi hizo, au aliyekatiwa utafiti wake katikati, karibu hapa chini. Hata wa kunipinga, nitasoma.