Magugu Kwenye Nyavu za Omena

Sijui nani aliamua kwamba kuku ni muhimu kuliko mtu. Ninachojua ni kwamba siku hizi malori ya viwanda vya chakula cha mifugo hufika ufuoni kwetu, upande wa Homa Bay unaotazama kisiwa cha Takawiri, hata kabla omena hawajakauka. Samaki wale wadogo waliotulea huzolewa kwa sepetu, mchanga na yote, wakasagwe. Mama yangu, mjane aliyeanika omena tangu nikiwa mgongoni mwake, alizoea kufagia mabaki chini ya nyavu na kuwapa kuku wake. Sasa hata mabaki yana mnunuzi.

Kuku wakakonda. Na kuku hao ndio waliomweka mama kwake, maana mikono yake ilikuwa imeanza kushindwa na makarai ya omena, na mayai ndiyo yaliyompa unga na sabuni. Bila kuku ingembidi aje kwangu Migori, ninakochomelea vyuma. Jambo hilo hakutaka hata litajwe. Kwetu Wajaluo mama halali katika nyumba ya mwanawe, na kaburi la baba liko pale pale bomani.

Ndipo afisa wa mifugo akaja kuwafundisha akina mama kwamba magugu maji, haya haya yanayoziba ziwa mpaka mashua zinakwama, yana protini. Kata mizizi, anika majani, twanga, changanya na pumba za mahindi, na kuku hatamkumbuka omena. Mkosa titi la mama hata la mbwa huamwa. Mama akaingia majini na panga. Majani akayaanika pale alipoanika kila kitu maishani mwake, kwenye nyavu zake za omena.

Kuku walikula! Nilikuwepo afisa aliporudi kukagua.

"Madam, ona hii kuku," mama alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Inakula kama imetoka jela!"

"Sasa mama wewe ndio utafundisha wengine," afisa alisema akicheka.

Mayai yakarudi. Mama alifurahi mpaka akamwachia jirani yake nafasi yake kwenye mashua, pamoja na ruhusa ya kuanika kwenye nyavu zile zile. Ufuoni kwetu kila mashua ina wanawake wake wa kununua omena na kuwaanika, na anayetoka harudi. Alijua hivyo, na alitoka akiimba.

Kisha msimu wa omena ukafungwa, kama kila mwaka, ili samaki wazaane. Mvua ikaziosha nyavu. Mama aliendelea kuanika magugu yake kila jua lilipotoka, lakini kuku waliyageuzageuza kwa mdomo, wakaondoka. Baadaye wakaanza kudonoana. Walinyofoana manyoya na kuyala, mpaka migongo ikawa na vidonda.

Nilipoenda kumwona nilimkuta ameketi chini na nyungo mbili. Kwenye mmoja alikuwa amemwaga magugu ya zamani yaliyobaki guniani, kwenye mwingine mapya. Akanivuta mkono nitazame. Ndani ya yale ya zamani mlijaa magamba, vichwa vidogo na macho makavu ya omena. Vilikuwa vimenasa nyavuni, na majani mabichi yalivizoa yalipokuwa yakikauka.

"Walikuwa wanachagua omena tu," mama alisema. "Sisi tukadhani wanakula magugu."

Hakuna aliyemdanganya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningepata wa kumgombeza ningepona. Nilimpigia afisa simu. Akasema labda magugu yachanganywe na kitu kingine chenye protini. Kitu gani? Omena, alisema. Nikakata simu.

Msimu ulipofunguliwa, malori yalirudi, na mashua ilikuwa na mwanamke mwingine. Kuku wa mwisho tulimchinja siku tulipofunga nyumba. Mama aliaga kaburi, akapanda gari, tukaelekea Migori kwa njia ya Rodi Kopany.

Kwa sababu ya mwiko nilimtafutia chumba chake peke yake karibu na kwangu, na kilichokuwa wazi kilipakana na duka la chakula cha mifugo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Majirani walimjua kuwa mgeni kwa namna alivyomsalimu kila aliyepita. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amesimama kando ya magunia ya duka, amechota chakula kidogo kiganjani, ananusa.

"Nyathina," aliniita, mwanangu, "omena yetu ilifika kabla yangu."

Nikamwambia nitamtafutia chumba kingine, mbali na harufu ile. Alikataa. Sasa huketi hapo kila asubuhi, ameegemea ukuta wa duka, amefumba macho. Nami nikienda kazini hupitia njia ya nyuma, kwa sababu najua ananusa nyumbani, na sina nyumbani pa kumrudisha.