Sahani ya Mzee Salvatori

Juzi sokoni Mzee Salvatori alinyoosha mikono ambebe mwanangu. Nikasikia tena harufu ya pilau ya Idi moja nilipokuwa mtoto, majirani wamejaa uani kwetu Rumonge wakisikiliza redio. Mzee huyu, rafiki wa baba, alikuwa anaongea moja kwa moja redioni Bujumbura, na mama alikuwa amemfunikia sahani yake.

“Hawa Waswahili wa Rumonge,” akasema akicheka, “warudi kwao Kongo!”

Nilipiga makofi, nikidhani anatutania kama alivyozoea mkekani kwetu. Majirani wakaondoka bila kuaga. Mama akawamwagia kuku ile sahani. Kesho yake wateja waliyapita mawese yake kama hawamjui.

Na juzi, bila haya, akanisalimu kwa Kirundi: “Amahoro, mama! Nipe mjukuu wangu.”

“Mjukuu gani, mzee? Si ulishamrudisha Kongo?”