Chupa ya Chai ya Wafula

Nakumbuka mchana mmoja wa msimu wa mahindi mabichi, mwanangu, manyunyu yakianguka kijijini Matulo na moshi wa jiko la mama mkwe ukitambaa polepole juu ya mashamba. Mpaka leo nikinusa hindi la kuchoma, narudi pale.

Nilikuwa nimetoka Kitale kumpelekea mjukuu wake, mtoto wangu Wafula, mwenye miaka mitatu. Nilijivunia upole wake. Kule mtaani kwetu Kibomet nilikuwa nikishinda kwenye vibarua vya kupalilia, na jirani aliyenishikia mtoto alisema hajaona mtulivu kama yule. Siri ilikuwa chupa. Niliijaza chai ya maziwa, sukari tele, akalala nayo mdomoni na kuamka nayo. Baba yake, aliyefanya kazi mbali, kila akirudi alijaza mifuko peremende. Mswaki tulidhani ni wa watu wazima.

Mama mkwe alimchagulia hindi laini. Wafula akalilamba tu, machozi yakimtiririka kimyakimya.

"Hebu fungua mdomo nione, baba yangu," mama mkwe akamwambia.

Meno ya mbele yalikuwa yamebaki vipande vyeusi.

"Si ni meno ya maziwa tu, mama," nikajitetea. "Yatang'oka yenyewe."

"Hata hii nyumba yangu ya udongo itabomoka siku moja. Sasa nisifagie?" Akaitazama chupa mkononi mwangu. "Wewe ulikuwa hutaki mtoto alie. Basi amekuwa akilia na wewe husikii."

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kesho yake nililia hospitalini Bungoma, nimempakata Wafula huku daktari akimng'oa meno manne, naye kanishika kidole kimoja kwa nguvu zake zote. Niliona aibu ambayo haijanitoka.

Meno ya ukubwani yalikuja, ila yalikuja upande upande. Wafula sasa ana watoto wake. Ni mcheshi, maneno hayamwishi, lakini akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Hajui kwamba kila akifanya hivyo mimi huangalia pembeni.

Sikulaumu, mwanangu, wewe unayedamka kwenda kutafuta unga. Mgongo wa kibarua naujua. Ila chupa ya kulalia iwe na maji matupu. Jino la kwanza likichomoza, lifute kwa kitambaa safi, na mswaki ufuate. Mwambie anayekushikia mtoto, mwambie na baba yake anayerudi na peremende, kwamba mapenzi hata ndizi inayabeba. Na usingoje mtoto alie. Mpakate kwenye mwanga, umwangalie mdomoni, maana mdogo huzoea maumivu akadhani ndivyo dunia ilivyo.

Mungu akukuzie huyo uliye naye. Atafune hindi gumu hadi mvi zimwote, na akicheka, mikono yake ibaki magotini.