Samaki wa Jana

Baba alituletea vitu vya kutafuna kutoka ng'ambo ya ziwa, na kwa sababu hiyo tulimpenda kuliko mama. Watoto ndivyo walivyo. Anayewapikia kila siku hawamwoni, anayekuja na pakiti mfukoni wanamkimbilia mpaka majini.

Alikuwa mfanyabiashara wa Nchelenge, upande wa Zambia, kama wengine wengi. Alivuka na chisense, dagaa wetu wadogo waliokaushwa juani, pamoja na sukari na unga, akarudi na mafuta ya mawese na vitenge. Lakini mimi na wadogo zangu hatukujali vitenge. Tulijali mfuko wa ndani wa koti lake. Humo mlitoka biskuti zenye maandishi ya Kifaransa, karanga zilizogandishwa kwenye sukari ya kuungua, peremende za maziwa, na mara nyingine maandazi ya Kongo yaliyofungwa kwenye gazeti mpaka habari zote zikalowa mafuta. Kipya kinyemi kingawa kidonda, nasi tulikuwa tayari kula hata kidonda.

Hatukupewa hivi hivi. Baba alikuwa na mchezo wake. Nyumbani tulisema Kibemba, lugha ya mama, lakini mchezo ulichezwa kwa Kiswahili cha ng'ambo, maana alitaka tukijue, kije kitufae kuuzia. Alisema, "Funga macho. Mikono nyuma. Fungula kinywa." Mikono iliwekwa nyuma ya mgongo ili usidanganye kwa kupapasa. Alikuwekea kipande ulimini, ukakaa nacho bila kukitafuna, ukingoja mpaka aseme, "Sema." Hapo ndipo unakisia: ndizi, maziwa, karanga, tangawizi. Aliyepatia alipewa kipande cha pili. Mama hakuchezeshwa. Alipata chembe za mwisho, akazilamba kiganjani, akarudi jikoni.

Tena yeye ndiye aliyekuwa na ulimi. Angeonja kitu mara moja tu, kesho yake akakupikia. Kulikuwa na nyumba ya wageni mjini iliyopika kuku na viazi vya kukaanga, na kabichi iliyochanganywa na mayonezi. Baba alimpeleka kula huko siku moja baada ya mauzo mazuri. Mama hakuongea mlo mzima. Alitafuna polepole kama mtu anayesomewa kesi. Jumapili iliyofuata tulikula sahani ileile uani kwetu, na mayonezi alikuwa ameipiga mwenyewe kwa uma, yai na mafuta na siki, mkono ukavimba. Majirani walikuja wakajifanya wanaomba chumvi. Kitu pekee kilichomshinda ni vile vitafunio vya mahindi vilivyofurishwa kiwandani, vya rangi ya chungwa, vilivyokuja na malori ya kununua samaki. Alijaribu kukaanga uji mzito uliotiwa bizari. Tulipata vitu vigumu kama soli za viatu, tukavitafuna siku nzima kwa heshima yake.

Lakini kulikuwa na chakula kimoja ambacho baba hakuwahi kutuletea. Alikisimulia tu. Ilikuwa samaki ya restora, alisema, mkahawa wa pale bandarini ng'ambo, wa mama mmoja. Samaki aliyefungwa kwenye majani ya mgomba, akalazwa juu ya makaa, mafuta ya mawese yakimtoka ubavuni. Tulipouliza huyo mama wa restora yukoje, alisema, "Ni mama tu, mnene, mwenye makelele." Tukamwona hivyo, mnene na mwenye makelele, akiwa na aproni.

Kisha vita vikaja ng'ambo na baba akaugua, vyote katika msimu mmoja. Vita vilifunga njia ya mashua. Ugonjwa ulimfunga kinywa. Alikonda mpaka koti lile likawa linamning'inia, na mfuko wa ndani haukuwa na kitu. Kule kliniki waliambiwa kwamba dawa zile hazimezwi na tumbo tupu. Bila chakula zingemtapisha, na akizitapika, basi. Mama alisikiliza. Aliporudi nyumbani alifunga kitenge kiunoni vizuri kama mtu anayekwenda kupigana, akamwuliza mumewe anataka kula nini.

Baba akasema, "Ile samaki ya restora."

Mama akacheka. Nakumbuka kicheko chake kwa sababu kilikuwa cha furaha. Samaki! Yeye, binti wa wavuvi, mjukuu wa wavuvi, aliyezaliwa kwenye kambi ya uvuvi kisiwani Kilwa, Kilwa ya ziwa letu, ndiye anaombwa samaki. Kama angeombwa kuku wa Kifaransa angeogopa.

Asubuhi alikwenda ufukweni kabla mashua hazijafunga kamba, akachagua samaki mpana tunayemwita pale, mkubwa kupita wote, mashavu yake bado mekundu kwa ndani. Kwetu samaki wa mgonjwa, wa mgeni na wa mkwe hutoka mashuani asubuhi hiyohiyo. Samaki wa jana tunawauzia wenye malori, wanaopeleka migodini kwa watu wasiojua. Kumwekea mtu wa nyumbani samaki aliyelala ni kumwambia kwamba hana thamani. Hilo hakuna aliyetufundisha kwa maneno.

Akampika kwa nyanya, vitunguu, pilipili na mawese, ndani ya majani. Harufu ilizunguka kitongoji kizima. Baba akaonja kipande, akakigeuza kinywani, akakitoa.

"Bado," akasema. "Inakosa kitu."

Siku ya pili mama aliyababua majani kwanza. Siku nyingine alitia ndimu. Siku nyingine vile vidonge vya mchuzi, siku nyingine tangawizi, siku nyingine maji ya majivu tunayolainishia maharage. Kila mara alikwenda kuchukua samaki mbichi zaidi, mpaka mwisho akawa anampokea akiwa bado anapigapiga mkia. Na kila mara baba, kutoka kwenye mkeka wake, alisema bado. Alisema hivyo kwa upole, kama mwalimu anayemhurumia mwanafunzi mjinga, na upole ule ulinichoma kuliko matusi. Dawa zilibaki kwenye karatasi yake. Sisi watoto tulikula makosa yote ya mama. Ulikuwa msimu tulioshiba kuliko yote, na baba alikuwa anakufa njaa chumba cha pili.

Mama alianza kuogopa. Kwanza aliogopa kifo, kisha akaogopa kwamba mkono wake umekwisha. Nilimkuta jikoni akilamba kijiko huku amefumba macho, akitafuta kitu ambacho ulimi wake haukuwahi kukionja. Huwezi kunakili ulichosimuliwa tu.

Ndipo watu wakaanza kuvuka. Walikuja na mashua zozote, wengine wakitokea upande wa Chienge, mpakani, kwa miguu, na magodoro vichwani. Adhuhuri moja mwanamke mmoja alisimama uani kwetu, ameshika mkono wa msichana mdogo. Alikuwa mwembamba, sauti yake haikufika hata kwenye mlango. Alimtaja baba kwa jina.

"Eko hapa?" akauliza. "Banasema eko mugonjwa."

Mama alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Eko ndani, analala. We njo nani?"

"Mi njo wa restora, mama. Pale ku bandari. Alikuwa kiliya, muteja yangu, anakulaka kwangu."

Ningependa kuandika kwamba mama alishtuka. Hakushtuka hata kidogo. Alifurahi! Alimshika mkono, akamketisha kwenye kigoda, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mtu aliyekuja ndiye aliyejua kile kitu kinachokosekana. Akaniita nilete maji. Akakumbuka mtoto, akatazama huku na huku ampe nini, akaona pakiti ya vile vya mahindi vya rangi ya chungwa, ambayo jirani alimletea mgonjwa na ikabaki imetundikwa msumarini. Akaipasua, akachukua kimoja, akamnyooshea msichana.

"Shika, mwana. Onja."

Msichana alikitazama. Hakuwahi kuviona vitu vile. Akafumba macho, akapeleka mikono nyuma ya mgongo, akafungua kinywa, akatoa ulimi. Akangoja.

Mama alibaki na mkono hewani. Mimi nilikuwa mlangoni na jagi la maji. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye hakuelewa lolote, akacheka akasema kwa sauti kubwa neno ambalo mtoto yule alikuwa analingoja, "Sema!" Lakini ulimini hapakuwa na kitu bado.

Mama alikiweka kile kitu juu ya ulimi wa mtoto, taratibu, kama padri. Kisha akapangusa vidole kwenye kitenge chake, ukabaki unga wa rangi ya chungwa hapo kiunoni.

Mwanamke alikuwa ameinamisha kichwa. Wala hakuomba msamaha, na mpaka leo sijui kama ningempenda zaidi au ningemchukia zaidi kama angeomba. Mimi nilikuwa nahesabu mambo yangu. Zile biskuti. Zile peremende za maziwa. Nilidhani sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kuzionja, kumbe ulimi mwingine ulikuwa umeshafunguliwa upande ule, na sisi tulipewa zilizobaki mfukoni. Nilitaka kumpiga yule mtoto. Alikuwa na vidole vidogo vichafu, na alisema, "Mahindi," akapatia.

Mama akauliza swali moja tu. "Ile samaki. Unaitiaka nini?"

"Hakuna kitu, mama. Munyu na mafuta."

"Mi niliitia munyu. Niliitia mafuta. Anaikataa."

Mwanamke akatazama jikoni, akaona samaki wa asubuhi amelala kwenye sinia, macho yake maangavu. Akatikisa kichwa.

"Ile ni ya leo. Ya leo haiwezi. Kule kwetu ya asubuhi bote banauzisha. Ile inabakiaka, batu balikataa kununua, njo mi naikamata. Naipasula, naitia munyu, inalala ku moshi kidogo. Kesho njo ya restora. Sisi batu ya bule, bamasikini, mama, tulikuwa tunapika ya jana."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Wiki zote zile mama alimpelekea mumewe kilicho bora kabisa ziwani, kilichokuwa hai saa moja kabla, naye alikuwa anatamani mabaki ya mtu.

"Mu hii nyumba," mama akasema, "mugonjwa hakulaka samaki ya jana."

"Kama ni vile, hatakula," akasema yule mwanamke.

Mama akaingia jikoni. Akachukua yule samaki, akampasua tumbo hadi mkiani, akampaka chumvi kwa nguvu kama anayemwadhibu, akamtundika juu ya moshi. Mwanamke alinyanyuka kumsaidia. Mama akamwambia akae. Alimpa mkeka barazani, yeye na mtoto, na akawapa ugali wa muhogo na mboga ya majani yake, iliyotiwa karanga. Walikula mpaka wakafuta sahani. Baba, nyuma ya ukuta, hakuambiwa lolote.

Kesho yake mama alipika mwenyewe. Hakuna mkono mwingine uliogusa majani yale. Harufu ilikuwa tofauti, nzito, yenye uchachu kidogo, harufu ya upande wa malori. Jirani alipita, akanusa, akaharakisha mwendo. Mama alibeba sahani, mimi nikabeba maji na karatasi ya dawa.

Baba alitia kipande kinywani. Hakukigeuza. Alitafuna, akameza, akachukua kingine, na kingine, vidole vyake vilivyokonda vikishuka na kupanda. Mama alipiga magoti mbele yake, mikono mapajani. Niliona uso wake ukifunguka. Licha ya yote aliyoyajua, alikuwa anangoja kusifiwa. Nilimwonea uchungu ambao haujanitoka.

Baba akaacha kutafuna. Akatazama mlangoni, juu ya bega la mama.

"Alisha kuvuka?" akauliza.

Mama hakugeuka.

"Kula," akamwambia.

Akala mpaka jani likabaki na mafuta tu, akameza dawa, na hazikumrudi. Mama akatoka nje, akamwambia yule mwanamke aingie, na mtoto pia.

Tangu siku ile mpaka tulipomzika baba, kabla mvua hazijaisha, mama alikwenda ufukweni jioni badala ya asubuhi. Alikwenda baada ya kila mtu kuchagua, akasimama pale malori yanapopakia, mbele ya kaka zake, binti wa wavuvi, akaomba samaki waliolala. Walimcheka. Mmoja alimwuliza kama siku hizi anakula kama watu wa migodini. Aliwachukua samaki wake, akaenda zake.

Lakini siku ile ya kwanza kilibaki kifurushi kimoja cha samaki yuleyule juu ya makaa. Mama alikaa jikoni na kukifungua, huku sauti ya baba, ambayo hatukuwa tumeisikia kwa wiki nyingi, ikisema chumbani, "Funga macho. Mikono nyuma." Mama akaonja kwa ule ulimi wake, polepole, akala mpaka mfupa. Nikamwuliza kama ni tamu kama baba alivyosema.

"Ni samaki wa jana," akasema, akatema mwiba kwenye majivu.