Gauni Lisilo na Mikono

Fundi cherehani wetu ana vidole vyepesi: angeweza kumshonea mbu koti, na mbu akarudi kuagiza la pili. Kichwa chake ndicho kinachomsumbua. Mteja akichelewa, fundi keshajua nguo haikupendwa, basi huifumua. Siku nyingine hata duka hafungui. Hulala kaugeukia ukuta mpaka chai ikapoa, akijiambia hajui kitu. Juzi jirani, mama mwenye kicheko cha kutikisa mabati, alifuata gauni lake la harusi ya bintiye, akalikuta halina mikono.

“Fundi, mikono imekwenda wapi?”

“Wiki nzima hukuja, mama. Nikajua hulipendi.”

“Nililionea wapi, baba? Nilikuwa naumwa jino.”

Mabega ya fundi yakaanza kucheka kabla yake. Akatia uzi sindanoni, na mikono ikarudi mahali pake chai ingali moto. Mama akalivaa, akasimama mbele ya kioo, kimya. Mkono wa fundi ukaanza kuunyemelea mkasi.

“Uache huo,” mama akasema bila kugeuka. “Nimenyamaza kwa sababu nimependeza.”