Kilo Ishirini za Cansilde

Shirika la ndege limetangaza, katika karatasi yenye muhuri wa bluu, kwamba kila abiria wa daraja la kawaida ana haki ya sanduku moja lisilozidi kilo ishirini. Kwamba ndani ya sanduku hilo viwemo vitu vyake binafsi, vya kuvaa na kutumia yeye mwenyewe, vilivyopangwa kwa mikono yake mwenyewe. Na kwamba ni marufuku kabisa kubeba mzigo wa mtu mwingine, awe ndugu, rafiki au mtu asiyejulikana.

Cansilde alipewa karatasi hiyo pamoja na tiketi yake ya Ubelgiji, mwaka wa tisini na tisa. Aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza ya wakala, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, mahali ambapo aliweka vitu vyote alivyokusudia kuvitii baadaye.

Alikuwa mwanamke wa Goma, Kongo, aliyeolewa Gisenyi, upande wa Rwanda wa mpaka uleule. Kwa mujibu wa ramani, hiyo ilikuwa ndoa ya kimataifa, ingawa vyombo vya bibi harusi vilibebwa kichwani na hakuna aliyechoka njiani. Alisema Kiswahili nyumbani, Kinyarwanda kanisani, na Kifaransa mbele ya watu wenye mihuri. Kwenda nchi ya nje lilikuwa jambo la asubuhi, kabla ya jua kuwa kali: unapita bariyeri ndogo, kizuizi cha mpakani, na beseni la karoti, unarudi na mchele. Nchi ya nje ya kufungia sanduku ndiyo aliyokuwa haijui.

Binti yake, Laurence, alikuwa ameolewa huko Liège, na alipiga simu kila Jumamosi kwenye kabini ya simu ya karibu na posta.

"Maman, njoo mwepesi," alisema. "Nguo za baridi tutanunua huku. Leta sweta mbili, vitenge vya kuendea misa, basi. Na vitu vya papa..." Simu ikanguruma kidogo. "Vitu vya papa achia shangazi Mukabera. Huku tunaanza upya."

"Sawa," alisema Cansilde, kwa namna ile ambayo katika mji ule maana yake ni kwamba hujakubali, ila simu ni ghali.

Vitu vya papa vilikuwa suti nne, mashati, viatu na mkasi. Papa mwenyewe, Siméon, mume wa Cansilde, alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na mikono mirefu. Tuseme wazi: ilikuwa mirefu kupita kiasi. Akisimama wima, vidole vyake vilikuwa vinakaribia magoti, na watoto wa mtaa walisema anaweza kufunga kamba za viatu bila kuinama. Ulaya nzima, ambayo kwa miaka mingi ilituma nguo zake kuukuu zimwagwe chini sokoni kama viazi, haikuwahi kumtuma mtu wa mikono ile. Kila koti la caguwa, la mitumba, alilojaribu lilimkomea juu ya kifundo cha mkono, akaonekana kama mtu anayetaka kunawa. Ndiyo maana alijishonea mwenyewe. Suti zile nne ndizo nguo pekee duniani zilizomwenea.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita, asubuhi moja, alivuka kwenda Goma kumpelekea bwana harusi mmoja suti yake. Mabomu yalianza kabla ya saa sita. Bwana harusi hakuoa siku ile, na mpaka ulifungwa. Ulipofunguliwa, wakimbizi walirudi Rwanda kwa maelfu, wakajaza barabara yote tangu bariyeri hadi kule Nyakiriba na kupita, na magodoro, na wagonjwa ndani ya mablanketi. Cansilde alisimama kando ya barabara tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Nyuso zote zilikuwa na vumbi moja, kwa hiyo hakuangalia nyuso. Aliangalia mikono.

Baadaye zikaja habari. Mmoja alimwona Walikale. Mwingine alimwona Kisangani, akishona magunia. Wa tatu alimwona akiwa mnene, jambo lililomfanya Cansilde amrudishe mtu huyo mlangoni na chai yake hajaimaliza. Maiti haikuja, na palipokosekana maiti hapakuwa na matanga, na palipokosekana matanga hakuna aliyejua aache lini kusubiri. Kila mmoja aliacha kwa siku yake, kimyakimya. Laurence aliacha alipojifungua mtoto wa kwanza. Cansilde hakuwa ameacha. Alikuwa amefikiri jambo hili kwa utaratibu wa mama wa nyumba: Siméon akirudi, majirani watamwambia mke wake yuko Ubelgiji. Atamfuata. Atafika huko, na kuna baridi, na hakuna duka lenye mikono yake. Atavaa nini?

Mukabera, dada yake Siméon, alikuja kusaidia kupanga sanduku. Alikuwa mwanamke wa kuvuka mpaka kila siku, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kubishana na askari wa forodha wa nchi mbili. Mkononi alikuwa na koti la sufu la kijivu kutoka soko la Birere, Goma.

"Vaa, wifi. Vaa nione."

Cansilde alivaa. Mfukoni alikuta tiketi ya zamani ya tramu, imeandikwa Bruxelles.

"Unaona?" alisema Mukabera. "Hii koti iko inarudi kwao. Mwenye iko na visa ya kweli ni yeye. We unamusindikiza tu."

Walicheka, kisha wakakaa juu ya mkeka na sanduku katikati yao. Wakapanga vitenge vipya, vilivyoshonwa ili Laurence asione haya mbele ya majirani wazungu. Wakapanga sweta, shuka, kitambaa cha kichwa cha misa. Kisha Mukabera akatazama kabati.

"Mama Laurence. Na zile?"

"Zile nini?"

"Usinifanye mutoto. Suti za kaka yangu."

Kwa desturi, nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake siku ya kuondoa matanga. Mukabera alieleza, kwa upole ambao haukumzoea mdomoni, kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho. Nyumba inafungwa. Kule Kanama kuna Hirwa, mtoto wa kaka yao mkubwa, anaoa mwezi ujao na hana suti.

"Hirwa?" alisema Cansilde. "Na mikono yake ile mifupi? Atafanana na mutoto wa altari amevaa kanzu ya padri."

"Itapunguzwa."

"Nani atapunguza? Fundi hayuko."

"Donc umesema mwenyewe. Hayuko."

"Nimesema hayuko. Sijasema amekufa."

Mukabera alivuta pumzi. "Mi nimelia yangu, nikamaliza. Nilimulilia pale bariyeri, na karoti kichwani, askari akaniuliza ninalia ushuru. We utalia siku gani? Utangojea ndani ya ndege?"

"Ulimulilia kwenye kaburi gani? Nionyeshe, twende."

Hakukuwa na kaburi la kuonyesha. Mukabera aliinuka, akajikung'uta kitenge, akasema bon, ataleta mtu wa kuzichukua suti siku ya safari. Cansilde akasema sawa. Wote wawili walikuwa wenyeji wa mji ule, na walijua maana ya neno hilo.

Alipobaki peke yake, Cansilde alitoa kila kitu. Akalaza suti nne chini, juu ya gazeti, akakunja mikono ya makoti mara mbili ili ienee. Akaongeza mashati, jozi mbili za viatu, na ule mkasi mkubwa wa chuma. Juu yake akarudisha vitenge, sweta na shuka, kama mtu anayefunika chakula. Ilibidi alikalie sanduku ili lifungike. Kabati tupu alilifunga, na ufunguo akautia kwenye sidiria.

Ikabaki kupima. Gisenyi haikukosa mizani. Ilikosa mizani ya masanduku. Mukabera alimjua Tuyisenge, mnunuzi wa viazi mwenye depo yake kando ya barabara kuu, ambaye wakulima wa Mudende walimletea magunia kwa malori. Walilipeleka sanduku pale kwa toroli.

"Iko nzito hivi kwa nini?" Mukabera alihema akiliinua. "Umeweka mawe ya volkano?"

"Vitenge vya waksi ni vizito."

Sanduku lilipandishwa. Mshale ukatikisika, ukatulia.

"Ishirini," alisema Tuyisenge. "Hata mukitaka kuongeza kijiko, hapana."

Cansilde alimshukuru Mungu palepale mbele ya magunia. Hesabu yake ilikuwa imekubali. Mke na mume wameenea ndani ya kilo ishirini. Hata Tuyisenge alifurahi, kwa kuwa si kila siku mtu hutoka kwenye depo yake akiwa ameridhika na mizani. Maana hakuna mkulima, kutoka Mudende hadi Kanama, ambaye hakujua mizani ile ilivyo. Gunia lililotoka shambani likiwa zito kama ng'ombe lilifika pale likawa jepesi kama muflisi. Watu walishaisema kanisani na kwenye mikutano ya komini; Mukabera mwenyewe aliwahi kuitukana kwa lugha tatu. Lakini hiyo ilikuwa mizani ya kuuzia viazi. Hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba uongo wa mizani haubagui mzigo.

Siku ya safari, Mukabera hakuja na mtu wa kuchukua suti. Alikuja peke yake, na gunia la impamba, chakula ambacho msafiri hawezi kuachwa aende bila kukibeba: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, na sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwani, waliofungwa kwenye jani la mgomba. Akalitazama kabati lililofungwa, akamtazama wifi yake, hakuuliza ufunguo. Wakapanda basi dogo la Kigali. Njia ya Ruhengeri ilikuwa imeanza kutulia, kwa hiyo watu walikuwa wameanza kusinzia ndani ya magari. Mwaka uliotangulia hakuna aliyethubutu, kwa hofu ya waasi walioyavizia. Cansilde alivaa lile koti la kijivu tangu nyumbani, ili kupunguza uzito, na alitoka jasho kupitia vilima vyote.

Kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe, msichana wa kaunta alikuwa na adabu. Aliliweka sanduku juu ya mizani, namba nyekundu zikakimbia, zikasimama.

"Ishirini na nne, mama."

"Haiwezekani," alisema Cansilde. "Tumepima."

"Mmepima wapi?"

Cansilde na Mukabera wakatazamana. Mukabera akafunika mdomo kwa kiganja.

"Tuyisenge," alisema. "Mwizi yule. Ametununua na sisi."

Msichana alieleza kwamba zilizozidi hulipiwa kwa dola au hutolewa. Dola hazikuwepo. Wakalivuta sanduku pembeni, wakalilaza sakafuni, na nyuma yao mstari wa watu wenye tai ukaanza kuangalia saa. Cansilde alipiga magoti ndani ya koti lake na kufungua. Mukabera aliinua vitenge, akainua sweta, akainua shuka. Chini yake ukatokea mkono wa suti ya kahawia, umekunjwa mara mbili, bado mrefu.

Mukabera aliugusa mshono wake kwa kidole.

Kisha alisema polepole, "Hii alivaa ubatizo wa Laurence."

"Ndiyo."

"Zote iko humu?"

"Zote."

"Wifi, toa mbili. Tutoe mbili tu, inatosha. Hata yeye mbili zinamutosha."

Alinyoosha mkono kuivuta ile ya kahawia. Cansilde aliushika mkono huo, hakuukaza, aliushika tu.

"Si hizo," alisema.

Na akaanza kutoa. Kitenge cha kijani cha misa. Kitenge cha maua. Sweta mbili alizoambiwa alete. Shuka, kitambaa cha kichwa, gauni la ndani, viatu vyake vya ngozi. Alivipitisha kimoja kimoja, na Mukabera akavipokea, akavitia ndani ya gunia, juu ya karanga, mpaka kikawa kimebaki kile tu kilichokuwa chini.

Hapo Mukabera aliangalia sanduku, akakunja uso.

"Umezikunja vibaya," alisema. "Kaka hakupenda hivi. Zitafika na makunyanzi."

Akakaa chini pale kwenye sakafu ya uwanja wa ndege. Akalitoa koti la kahawia, akaligeuza bega moja nje-ndani, akalisukuma bega la pili ndani ya lile la kwanza, bitana ikabaki nje na kitambaa kizuri kikalala kwa ndani. Ndivyo mafundi wanavyokunja suti, na ndivyo Siméon alivyomfundisha akiwa msichana wa kushona vifungo. Akafanya la pili, la tatu, la nne. Mikono mirefu ile aliipanga kwa kufuata mshono, akaipapasa kidogo, kama mtu anayemlaza mtoto. Alikuwa analia, lakini kazi haikusimama, na hakuna aliyemuuliza kama analia ushuru.

Lile gunia alilifunga kwa kamba. Sanduku likarudishwa kwenye mizani, na msichana akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha, kwa kuwa kanuni inamtaka aulize, akauliza.

"Mama, umelipanga sanduku hili mwenyewe? Vyote vilivyomo ni vitu vyako binafsi?"

Cansilde alifungua mdomo, lakini wifi yake akamtangulia.

"Ni vyake," alisema Mukabera. "Vyote ni vyake."

Msichana alibandika karatasi yenye jina la Cansilde kwenye mkono wa sanduku, na sanduku likaenda. Lilikuwa na kilo ishirini kamili. Viatu vilivyokuwa ndani vilikuwa vya namba arobaini na tano. Cansilde alivaa thelathini na saba.